Kuhifadhi muhogo na viazi nyumbani Tanga: shimo, kasha, friza au makopa?

Salfeti la muhogo likishushwa uani Jumamosi asubuhi, ikifika Jumanne unaweza kuwa unatupa nusu yake. Kila mama wa Ngamiani anaijua hesabu hiyo, ndiyo maana muhogo hununuliwa wa kupika siku ileile. Taabu huja unapokuwa na sababu ya kuweka mwingi. Ndugu wa Muheza wamekuletea, au Ramadhani inanukia na unajua kwamba mwezi ukiandama tu, bei ya muhogo, magimbi na viazi vitamu pale sokoni Mgandini itapanda, kwa kuwa kila jiko la mji linataka futari.

Miaka michache nyuma niliharibikiwa na gunia zima katika wiki ya kuamkia mfungo. Liliniuma, maana lilikuwa jasho la shangazi yangu. Tangu hapo nimejaribu karibu kila njia ninayoitaja hapa, na msimamo wangu nautoa mapema: kwa muhogo, nyumba ya mjini Tanga itumie kasha la vumbi la mbao lenye unyevu, isitumie shimo. Kwa viazi vitamu shimo linafaa, kwa masharti. Kwa mbatata, nunua kidogo kidogo. Sababu nazieleza kwa kirefu, kwa sababu ua wako si ua wangu na huenda ukaamua tofauti.

Ardhi yetu haina baridi

Watu wa nchi za baridi huchimba chumba chini ya nyumba au kando yake, wakaweka humo karoti, viazi na bitiruti za kuwavusha miezi yote ya theluji. Njia hiyo inawafaa kweli. Chumba kile hukaa kwenye nyuzi 0 hadi 4 hivi, unyevu wa hewa ukizidi asilimia 90, na mzizi uliomo humo ni kama umelala usingizi. Mtu akisoma habari hizo akiwa Makorora, anachukua sururu na kuanza kuchimba.

Tatizo ni kwamba ukienda chini, ardhi hufuata wastani wa joto la mwaka mzima la mahali hapo. Kwao wastani ni mdogo. Kwetu pwani ni kama nyuzi 26. Ukiingia mapango ya Amboni mchana wa Februari unahisi umeingia mahali pa baridi, lakini ni kwa sababu umetoka kwenye jua la nyuzi 32 au 33. Pango lile halina ubaridi wa kulaza muhogo. Shimo la uani nalo ni hivyo hivyo, hata ulichimbe hadi kiunoni.

Basi shimo la Tanga linakupa nini? Unyevu, giza na joto lisilopanda na kushuka. Baridi halikupi. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kuchagua ni hili: zao langu linaharibiwa na nini? Kama adui yake ni ukavu au hewa, shimo na kasha vitasaidia. Kama adui yake ni joto, utachimba bure.

Muhogo unaharibiwa na kidonda na hewa

Wengi hudhani muhogo unaoza. Kuoza kunakuja baadaye. Kinachotangulia ni ile mistari ya bluu inayoelekea weusi ndani ya nyama, ambayo huanza kati ya saa 24 na 72 baada ya kung'olewa. Pale ulipokatika, pale jembe lilipogusa, hewa inaingia na muhogo wenyewe unaanza kujiharibu kutoka ndani, hata kama hakuna kuvu wala bakteria. Ndiyo maana muhogo mzima wenye ngozi safi hukaa kidogo, na uliokatika kichwa huwahi kwenda.

Ukielewa hilo, utaona kwamba kazi kubwa ya kuhifadhi muhogo hufanyika shambani. Mwombe anayekung'olea auache na kikonyo chake cha shina, kama vidole viwili hivi, asiukwanyue kwenye shingo. Yote iliyopigwa jembe itengwe, hiyo ndiyo ya kupika leo. Kama shamba ni lenu, kateni miti wiki mbili au tatu kabla ya kung'oa, mkiacha visiki. Muhogo uliokatwa miti mapema huchelewa sana kupiga weusi. Gharama yake ni kwamba wanga hupungua, kwa hiyo ukiuchemsha hauwi wa unga kama ule mwingine. Kwa muhogo wa nazi mimi sioni hasara kubwa. Kwa muhogo wa kuchoma, naiona.

Shimo au kasha

Hizi ndizo njia mbili zinazobishaniwa hasa, na zote hufanya kazi kwa siri moja. Muhogo uliofunikwa mahali penye unyevu na joto la kadiri, kati ya nyuzi 25 na 40, hufunga vidonda vyake wenyewe ndani ya siku chache kwa kutia ngozi mpya juu ya jeraha. Hali ya hewa yetu, inayotuudhi kwa mambo mengine mengi, hapa inatusaidia.

Njia zote mbili zilipimwa vizuri katika CIAT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo cha nchi za joto huko Kolombia, miaka ya 1970. Walilaza muhogo juu ya nyasi kavu, wakaurundika kilo 300 hadi 500, wakaufunika kwa nyasi na udongo, na wakaona unaweza kufika miezi miwili iwapo joto la ndani halikuzidi nyuzi 40. Vilevile waliupanga katika makasha ya mbao yenye vumbi la mbao lililoloweshwa, kasha la sentimita 50 kwa 30 kwa 30 likibeba kama kilo 20, na baada ya mwezi sehemu kubwa ilikuwa bado inalika.

Angalia vipimo hivyo. Rundo la udongo ni la mkulima mwenye magunia. Hulifungua mara moja, akauza yote. Sisi wa nyumbani tunataka mihogo mitatu leo, minne keshokutwa. Kila unapofukua shimo unaingiza hewa, unagusa iliyolala, unaacha jeraha jipya. Hapa ndipo kasha linaposhinda, na hasa ukiwa na makasha madogo mawili au matatu badala ya moja kubwa. Unafungua la kwanza na kulimaliza, la pili halijui kama kuna mtu amefungua kitu.

Kisha kuna mvua. Shimo langu nililichimba Machi, likaniendea vizuri wiki mbili. Masika ilipopiga sawasawa, maji yalipenya pembeni ingawa nilifunika kwa makuti na turubai, na nilipofukua nilikuta harufu tu. Anayekaa sehemu zenye mwamba wa matumbawe hata kulichimba hawezi. Mchwa na panya nao huwahi kuliona shimo kabla ya majirani. Kasha unaliinua juu ya matofali upenuni na mambo yameisha.

Kulitengeneza si kazi ngumu. Tafuta vumbi la mbao kwa seremala. Uliza limetoka kwenye mbao gani, maana mbao zilizotiwa dawa ya mchwa hazifai kabisa. Mimi kuna karakana moja ilinipa vumbi lenye harufu kali, nikalipokea kwa haraka, na muhogo wote ukanuka dawa. Sikuthubutu kuwapa watoto. Ukikosa la kuaminika, vumbi la makumbi ya nazi linafaa vizuri tu, na Tanga makumbi hayajawahi kuadimika. Lilowanishe kwa maji safi mpaka ukilikamata kwenye ngumi linashikana lakini halidondoshi tone. Hapo ndipo penye siri yote. Likiwa kavu, muhogo utapiga weusi kama ulivyokuwa kwenye salfeti. Likiwa chepechepe, utaoza. Tandika karatasi ya nailoni yenye matundu ndani ya kasha, weka tabaka la vumbi, panga mihogo isigusane, funika, panga tena. Fanya kazi hiyo siku ileile uliyong'oa. Muhogo wa jana hauponi.

Kwangu kasha limenifikisha wiki ya tatu bila wasiwasi. Wiki ya nne nilikuwa nachagua.

Hata bila kasha, muhogo mzima ukiuchovya maji na kuupanga ndani ya gunia lililoloa kivulini hukaa kama wiki moja. Kwa wengi wiki moja inatosha, na sitamlazimisha mtu kupiga misumari kwa ajili ya kilo kumi.

Kuuacha shambani

Shangazi yangu hucheka akiniona na makasha. "Mwanangu, muhogo stoo yake ni tuta," ananiambia. Ana haki. Mwenye shamba Pongwe au Muheza hana sababu ya kuhifadhi chochote. Anang'oa mti mmoja, anapika, anarudi kesho. Muhogo uliokomaa unaweza kungoja miezi ardhini. Unaendelea kuwa na nyuzinyuzi na kuwa mgumu kuiva, lakini unangoja.

Kuna jambo moja tu linalonifanya nisikubaliane naye moja kwa moja, nalo lina asili yake hapa kwetu. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na mtafiti H. H. Storey wa kituo cha Amani, juu ya milima ya Usambara. Mti unaweza kuonekana mzima kabisa huku muhogo wenyewe una mabaka ya kahawia, makavu kama kizibo. Kadiri unavyouacha ardhini, mabaka yanaongezeka. Kwa hiyo kama shamba lina ugonjwa huo, kungoja ni kupoteza: ng'oa mapema. Kama umepanda mbegu inayouvumilia, kama Kiroba inayopendwa pwani, mfuate shangazi. Na usichanganye mambo mawili hayo. Mistari ya bluu na weusi ni ya kukaa baada ya kung'olewa. Mabaka ya kahawia muhogo umetoka nayo shambani, na hakuna kasha litakaloyaponya.

Friza na makopa

Hapa muhogo haubaki mbichi, lakini kwa futari si lazima uwe mbichi. Friza ndiyo njia rahisi kuliko zote: menya, toa mzizi wa kati, kata vipande vya kupikia, osha, kausha maji, gawa kwenye mifuko ya mlo mmoja mmoja, gandisha. Unakaa miezi. Siku ya kupika usiuyeyushe kwanza. Utumbukize kwenye maji yanayochemka au kwenye tui jepesi ukiwa jiwe hivyo hivyo, nao hufumuka vizuri ajabu. Mimi naona muhogo uliogandishwa huiva haraka kuliko ulioletwa asubuhi.

Kikwazo ni umeme na nafasi. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, huvumilia kukatika kwa umeme kama siku mbili. Iliyojaa nusu, siku moja. Kwa hiyo kujaza ni kinga, hata ukijaza kwa chupa za maji. Kwa mwenye friji ndogo yenye kisanduku cha barafu tu, weka muhogo uliomenywa ndani ya bakuli la maji humo kwenye friji, ubadilishe maji kila siku. Siku tatu nne utapita bila taabu.

Makopa, yaani vipande vya muhogo vilivyoanikwa vikakauka, ni ya mtu mwenye kilo nyingi na asiye na umeme, na mwenye hamu ya bada, ugali wa muhogo. Hukaa miezi, hayagharimu kitu ila jua. Lakini jua lenyewe lina msimu. Januari na Februari, kaskazi ikivuma na mvua ikiwa mbali, ndipo pa kuanika Tanga. Ukianika Aprili unaalika ukungu, na ukungu wa kwenye makopa unaweza kuleta sumukuvu ambayo haitoki kwa kuosha wala kwa kupika. Anika juu ya uchaga, si pembeni ya barabara. Kopa likauke mpaka likivunjwa lilie kama chaki. Tegemea uzito ushuke sana, maana zaidi ya nusu ya muhogo ni maji.

Muhogo mchungu una jambo lake. Kuuanika tu juani hakutoi sumu yake ya kutosha. Lazima kwanza ulowekwe au uvundikwe. Ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu, ulishawapata watu wa Tarime mwaka 1985 kwa kula muhogo usioandaliwa vizuri. Kama hujui mbegu yako, usibahatishe.

Adui mwingine wa makopa ni yule dumuzi ambaye wakulima walimpa jina la Scania. Alitoka Amerika ya Kati, akaingia nchini kupitia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, na anatafuna makopa kama anavyotafuna mahindi, anaacha unga mtupu. Kwa hiyo makopa hayawekwi kwenye gunia wazi darini. Tia kwenye ndoo au pipa lenye mfuniko unaobana.

Viazi vitamu

Hivi mambo yake ni tofauti kabisa, na wengi huvikosea kwa kuvipeleka kwenye friji. Kiazi kitamu kibichi kikikaa chini ya nyuzi 12 hivi kinaumia. Ukikipika, kiini hubaki kigumu hata uchemshe saa nzima. Nje ya friji, basi.

Kinachohitajika kwanza ni kupona. Siku nne hadi saba kwenye joto la nyuzi 29 hadi 32 na unyevu mwingi, ngozi yake hukaza na mikwaruzo hufunga. Nchi za baridi hulipia mitambo ili kupata hali hiyo. Sisi tunaipata bure: virundike upenuni kivulini, funika kwa magunia, subiri siku tano. Baadaye viingie shimoni kwenye sehemu kavu iliyoinuka, nyasi kavu chini na juu, paa dogo la makuti, au kwenye tenga lililojazwa mchanga mkavu ndani ya nyumba. Hapa nasema mkavu, tofauti na vumbi la muhogo. Vitaanza kuchipua baada ya wiki kadhaa kwa sababu joto letu haliviachi vilale, lakini utakuwa umekula vitamu kuliko siku ya kwanza, maana wanga unageuka sukari.

Fukusi, mdudu anayetoboa viazi, ndiye anayeamua. Kiazi kimoja chenye tundu dogo kikiingia shimoni, kinatosha kuharibu vingine. Chagua kimoja kimoja, kwa mkono, mchana kweupe. Ukiwa na vingi mno, fanya kama wenzetu Wasukuma: wanavikata vibichi na kuvianika, wakaviita michembe, au wanavichemsha kwanza ndipo wavianike, wakaviita matobolwa. Matobolwa yananipendeza zaidi, nayo yanaliwa hivyo hivyo kama tende.

Mbatata, karoti na vingine

Mbatata za Lushoto zinatoka mahali penye mita kama 1,400 juu ya bahari. Zikishuka huku chini zinaingia kwenye joto lisilo lao. Adui zake ni mwanga na joto. Mwanga unazitia ukijani, na ukijani ni dalili ya sumu, kwa hiyo kikapu kiwe gizani penye hewa. Kwenye friji hazioti, ila wanga hugeuka sukari na chipsi zinatoka nyeusi. Wauza viazi karai watanielewa. Nunua za wiki moja au mbili, ukae kwa amani.

Karoti ni kinyume: hiyo inataka baridi kali na unyevu. Kata majani yote, usiimenye, ifunge kwenye mfuko, iweke chini ya friji mbali na maembe na ndizi mbivu, ambazo hewa yake huitia uchungu. Bila friji, siku chache tu. Watu wameniuliza kuhusu vyungu viwili vya kupoozea mboga, kimoja ndani ya kingine na mchanga mbichi katikati, alivyovisambaza Mohammed Bah Abba kaskazini mwa Nigeria miaka ya 1990. Kule hewa ni kavu, maji yanakauka haraka na chungu kinapoa sana. Tanga hewa imeshajaa maji, utapata nyuzi chache tu pungufu. Kwa Dodoma ningesema ndiyo.

Viazi vikuu havina shida yoyote: vipange kwenye uchaga penye upepo na kivuli, visigusane, vitakungoja miezi. Magimbi yatie kwenye mchanga wenye unyevu kidogo, au yamenye na kuyagandisha pamoja na muhogo, yaani ile mifuko ya futari iwe imeshachanganywa kabisa.

Hivyo ndivyo ninavyopanga sasa. Wiki mbili kabla ya mfungo, muhogo wa kwanza unaingia kwenye friza hadi ijae. Unaofuata unaingia kwenye makasha mawili ya makumbi upenuni. Wa mwisho namwomba shangazi auache ardhini, niutumie kufuturu kumi la mwisho. Ukifungua kasha, vunja ncha ya muhogo mmoja kabla ya kutoa mingine. Ikiwa nyeupe mpaka katikati, rudisha vumbi juu ya iliyobaki na uende ukakune nazi.